Kulungu Aliyeinama Kabla ya Mshale

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Uvira, nimekulia kambi ya Nyarugusu, sasa naishi Wisconsin na kufanya kazi kiwanda cha jibini. Mwaka huu mwenzangu wa kazini alinichukua kuwinda swala wa huku kwa upinde, siku nne, wiki ya kwanza ya Novemba, kwenye vilima vya kusini-magharibi. Jioni tatu mfululizo, tukiwa kwenye dungu lilelile la mtini juu ya njia yao, wanyama walikaribia, wakapiga chafya kubwa, wakakimbia mikia juu. Asubuhi ya nne akaja dume mkubwa, anapita chini yangu kwenye mteremko. Nilikuwa juu yake kama mtu anayechungulia kutoka ghorofa ya nne. Kipima-umbali kilisoma yadi 31. Nikatoa sauti ya "meee" kama nilivyofundishwa, akasimama, nikaachia. Mshale niliukuta umechomeka ardhini, mkavu, pembeni manyoya machache marefu ya kijivu yenye ncha nyeusi. Tulitafuta mpaka saa nane mchana, hatukuona tone la damu. Upinde wangu ni wa ratili 60, yaani huo ndio uzito wa kuuvuta. Mjomba ananicheka, anasema babu zetu hawakukosa. Nilikosea wapi? Yule mnyama yuko hai? Ninunue upinde wenye nguvu zaidi? Na je, siku nne zimepotea bure?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na lile linalokunyima usingizi, maana umelichomeka katikati ya mengine kama mtu anayeogopa kuliuliza. Mnyama yuko hai.

Ushahidi umeniletea mwenyewe. Kulungu wa mkia mweupe ana manyoya tofauti kila sehemu ya mwili. (Wewe umemwita swala, msomaji wa Biblia atamwita ayala, mimi nitabaki na kulungu, ingawa kulungu wa kwetu ni mnyama mwingine kabisa: pembe zake ni za kudumu, na huyu wa Amerika huangusha zake kila baada ya msimu wa kupandana, kisha huota mpya.) Manyoya ya tumboni ni meupe. Marefu ya kijivu yenye ncha nyeusi ni ya mgongoni. Ungeniandikia kwamba umeokota meupe, barua hii ingeanza kwa namna nyingine.

Mshale nao ungesema. Damu ya waridi yenye povu ni ya mapafu, na mnyama huyo humkuti mbali. Damu iliyoiva, inayokaribia weusi, ni ya ini. Hapo unakaa chini masaa matatu au manne kabla ya kumfuata. Ukiona majimaji ya kijani yananuka kama majani yaliyocheuliwa, umepiga utumbo, nawe unaondoka kimyakimya na kurudi baada ya masaa 8 hadi 12, kwa sababu ukimfuata mapema atainuka alipolala na hutamwona tena. Mshale wako ulikuwa mkavu. Ulipita hewani, ukamnyoa nywele za mgongo, ukaenda zake. Hata hivyo mlitafuta mpaka saa nane, na hilo ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu. Nimewaona watu wenye miaka ishirini porini wakizunguka nusu saa na kwenda kunywa kahawa.

Sasa tuje kwenye kosa. Yako mawili, na hakuna hata moja lililo la mkono wako.

Upinde wako wa kapi, wenye vigurudumu kwenye ncha zake, hutupa mshale kwa mwendo wa kama meta 80 kwa sekunde. Mlio wa upote unapoachia husafiri meta 340 kwa sekunde. Yadi 31 ni kama meta 28. Piga hesabu: mshale unahitaji sekunde 0.35 kufika, mlio umeshafika masikioni mwa mnyama kwa sekunde 0.08. Mpe sehemu ya kumi ya sekunde ya kushtuka, wala si kidogo kwa mnyama anayeishi kwa kushtuka. Bado anabakiwa na sekunde 0.17 kabla ya chuma kumfikia.

Anaifanyia nini hiyo sekunde 0.17? Watu wengi hudhani kulungu hukwepa mshale. Hajui mshale ni nini. Anachotaka ni kukimbia, na mnyama wa miguu minne hawezi kuruka bila kwanza kukunja miguu. Anaachia magoti, mwili unashuka kama embe lililokatika kikonyo, na kwa sekunde 0.17 chochote kinachoanguka duniani hushuka sentimita 14. Ndiyo hizo. Ulilenga katikati ya mbavu, na mbavu hazikuwapo tena mahali ulipozilenga.

Sentimita 14 peke yake zisingekukosesha kabisa. Pengine mshale ungeingia juu, chini kidogo ya uti wa mgongo, mahali pabaya kuliko kukosa, kwa sababu mnyama hukimbia na jeraha siku nyingi. Kilichomwokoa, na kukuokoa wewe na usiku mwingine bila usingizi, ni kosa la pili. Umesema ulikuwa kama mtu wa ghorofa ya nne. Meta 28 za mshazari, na kimo cha kama meta 14: hiyo ni pembe ya digrii 30. Kipima-umbali chako kilipima mshazari, kikakupa yadi 31, ukalenga kwa sindano ya shabaha, ile alama ya kulengea upindeni, ya yadi 31. Lakini mvuto wa dunia huushusha mshale kwa kadiri ya umbali wa ardhini, wa bapa, na huo ulikuwa yadi 27 hivi. Tofauti hiyo, kwa upinde kama wako, inapandisha mshale kama sentimita 8. Jumlisha na zile 14. Sentimita 22 juu ya katikati ya kifua cha dume mzima ndipo mgongo unapoishia na nywele zinapoanzia.

Kwa hiyo mshale ulikwenda palepale ulipoutuma.

Vipo vipima-umbali vinavyofanya hesabu ya mteremko vyenyewe. Kama chako hakifanyi, panda dunguni mapema na upime miti kwa kimo cha macho yako, si kwa mashina yake yaliyo chini; shina lililo bondeni litakudanganya, ila sehemu ya mti iliyo sambamba nawe itakupa umbali wa bapa. Jambo jingine ambalo hukuliandika lakini nakushuku: ukilenga chini, inama kiunoni. Wengi hushusha mkono wa upinde tu, kiwiliwili kikabaki wima, na umbo lote la kuvuta ulilolizoea uwanjani linavunjika.

Na ile "meee". Aliyekufundisha hakukosea kuifundisha. Hakukufundisha lini usiitumie. Dume anayetembea haraka akifuata harufu ya jike lazima umsimamishe, la sivyo utapiga mbavu za nyuma au utumbo. Lakini mnyama uliyemsimamisha kwa sauti amesimama kwa sababu amekusikia. Shingo imepanda, masikio yamegeuka, miguu iko tayari. Kwa yadi 18 au 20 hilo halidhuru sana: rudia ile hesabu kwa yadi 20 na utaona anashuka chini ya sentimita 3 tu kabla ya mshale kufika. Kwa yadi 31 ni sawa na kumbishia mtu mlango halafu ushangae kwamba ameamka. Kama wako alikuwa anatembea polepole, ungemwacha aje. Kama asingekuja, ungemwacha aende. Na ukilazimika kupiga mnyama aliyekaza misuli, lenga theluthi ya chini ya kifua. Akikaa palepale, utapata moyo. Akishuka, utapata mapafu.

Upinde wenye nguvu zaidi? Hapana, weka fedha yako. Ratili 70 badala ya 60 zitakuongezea labda meta tano au sita kwa sekunde. Zile sentimita 14 zitakuwa 10. Sogea yadi 11 karibu, zitakuwa chini ya 3, na kusogea ni bure. Hata ule upinde wenye kitako kama bunduki, ambao Wisconsin iliuruhusu kwa wawindaji wote mwaka 2014, haufikii nusu ya mwendo wa sauti. Mlio utatangulia tu. Tafuta kwanza namna ya kuunyamazisha huo ulionao: vipande vya mpira kwenye upote, kaza kila skrubu inayotetemeka, tumia mshale mzito kidogo. Mshale mzito huenda taratibu, lakini upinde hulia kidogo na chuma hupenya zaidi.

Mjomba wako sasa. Mpe heshima zake, kisha mwambie hivi. Upinde wa babu na upinde wako havifanyi kazi moja. Wawindaji wa Waata wa upande wa Tsavo, Kenya, walikuwa na pinde zilizopimwa zikazidi ratili 100, nao walizivuta kwa mikono mitupu. Wewe ukishauvuta wako mpaka mwisho, kapi zinabeba sehemu kubwa ya mzigo na mkono unashikilia kilo tano au sita. Ni ujanja wa Holless Wilbur Allen wa Missouri, aliyepata hataza yake mwaka 1969. Lakini hata nguvu za Waata hazikuwa ndizo zilizomwangusha tembo. Ni sumu ya mti wa msunguti, iliyochemshwa ikawa nzito kama lami na kupakwa kwenye chuma. Mshale wa sumu unatakiwa uingie nyamani tu, kisha mwindaji hufuata nyayo. Mshale wako hauna sumu, na sheria za Wisconsin zinakataza usiwe nayo. Unaua kwa kukata, hivyo lazima upite kwenye mapafu yote mawili au moyo, eneo lisilozidi sahani ya chakula. Babu zetu walikosa sana, mdogo wangu. Sema waliporudi mikono mitupu hawakukaa kutuhadithia.

Mtu aliyewafundisha Wamarekani wa leo kuwinda kwa upinde naye hakuwa mpigaji wa mbali. Alikuwa Ishi, wa mwisho wa watu wa Yahi, aliyejitokeza peke yake karibu na Oroville, California, mwaka 1911, watu wake wote wakiwa wameisha. Daktari wake huko San Francisco, Saxton Pope, alijifunza kwake kuchonga pinde na kunyatia wanyama, mpaka Ishi alipofariki kwa kifua kikuu mwaka 1916. Ishi hakuwa na kapi wala kipima-umbali. Siku moja kabla ya kuwinda kulungu hakula samaki wala kuvuta tumbaku. Alfajiri alioga mtoni na kujisugua majani yenye harufu. Alimkaribia mnyama mpaka shabaha ikawa jambo dogo. (Pope na rafiki yake Arthur Young walikuja mpaka Tanganyika mwaka 1925 kuwapiga simba kwa mishale. Hilo silisifu wala siliigi.)

Nimemtaja Ishi kwa sababu ya zile jioni zako tatu, ambazo kwangu zina mafundisho kuliko huo mshale. Ile uliyoiita chafya ni kulungu kupuliza pua kwa nguvu. Hakukuona. Alikunusa, akawatangazia na wenzake bonde zima. Kwa nini jioni zote tatu, na asubuhi ya nne hapana?

Vilima mlikokuwa ni nchi ambayo barafu ya zama za kale haikuikanyaga. Sehemu kubwa ya Wisconsin ilisawazishwa na barafu. Kona ile ilibaki na migongo yake na mabonde yake membamba, na hewa kule ina tabia zake. Asubuhi, jua likishapasha mteremko, hewa hupanda. Uliyekaa juu, harufu yako inapaa na kuondoka. Ndiyo maana yule dume alipita chini yako bila habari. Jioni jua likishazama nyuma ya kilima, hewa hupoa, huwa nzito, na kuteremka bondeni kama maji ya mfereji. Ninyi mlikaa dungu lilelile, juu ya njia ileile, jioni tatu, mkiwamiminia wanyama harufu kichwani. Sabuni isiyo na manukato haisaidii kitu hapo. Dungu la juu ni la asubuhi. La jioni liwe chini ya njia ya wanyama, au ng'ambo, mahali hewa inayoshuka inatoka kwao kuja kwako.

Nayajua haya kwa sababu yalinipata, na kwa kichwa kigumu zaidi kuliko chako. Msimu wangu wa tatu nilikaa siku tano kwenye bonde linaloteremkia mto Kickapoo. Nilikuwa nimeshapata kulungu mmoja mwaka uliotangulia, basi nikajiona mwenyeji. Jioni ya nne, mwanga umebaki wa kusomea herufi kubwa tu, dume akapanda kutoka chini. Hatua arobaini. Nilikuwa sijatikisika tangu saa tisa. Mshale umepachikwa, upepo mkuu ulikuwa unanipiga usoni kutoka alikokuja, kila kitu kilikuwa kama kwenye kitabu.

Kisha nikahisi ubaridi shingoni, kwa nyuma. Kidogo tu, kama mtu amefungua jokofu. Upepo mkuu ulikuwa umelala na hewa ya kilimani imeanza kuteremka, inanipitia mimi, inaelekea kwake. Niliweza kuhesabu. Moja, mbili, tatu, mpaka saba hivi. Akainua pua, akairamba, akageuza kichwa na kuutazama mti wangu. Si kichaka, si njia: mti wangu, na kimo changu mtini. Hakupuliza pua wala hakukimbia. Aligeuka akarudi kwa mwendo uleule aliojia, kama mzee aliyekuta dukani hakuna alichokifuata. Sikio lake la kushoto lilikuwa na mkato. Kulungu niliowala tangu hapo nimewasahau sura. Huyo ningemtambua leo.

Asubuhi ya mwisho ilikuwa ya barafu, maji kwenye chupa yameganda. Nilikaa bila matumaini. Kindege kimoja kile chenye kofia nyeusi, kisichohama hata wakati wa theluji, kikatua juu ya mshale wangu uliokuwa umelala upindeni, kikanitazama usoni, kikadona manyoya ya mshale mara mbili, kikaenda. Sikuona kulungu hata mmoja. Nilirudi mjini, mke wangu akaniuliza "umepata nini?", nikaanza kumweleza habari za kindege, akaniacha nikiongea akaenda kuepua ugali.

Kwa hiyo swali lako la siku nne sitalijibu zaidi ya hapo. Ila nikuulize: kabla ya kusoma barua hii ulikuwa unaweza kunichorea bonde lile, njia ilipopita, mahali jua lilipotokea na mti aliosimama yule dume? Nadhani ndiyo, mpaka na jani.

Msimu wa upinde bado unaendelea mpaka Januari. Jumamosi ya kabla ya Sikukuu ya Shukrani bunduki zitaanza, siku tisa. Ukienda na upinde siku hizo lazima uvae rangi ya kung'aa kama wao, na kwa maoni yangu kaa nyumbani tu, wanyama watakuwa wamechanganyikiwa. Desemba rudi. Majike na madume watakuwa wanafuata chakula: mabaki ya mahindi mashambani, na mbegu za mialoni chini ya theluji. Mpaka hapo, kila jioni baada ya kazi piga mishale kumi, si mia, kwa yadi 20, ukiwa umevaa koti lile zito utakalolivaa mtini na mkanda wa usalama juu yake. Panda kwenye ngazi ya nyumba kama huna mti. Mpigaji wa fulana na mpigaji wa koti ni watu wawili tofauti, na upote hupenda kukwaruza mkono wa koti kisha mshale ukaenda kusikojulikana.

Na kabla hamjapanda tena lile dungu, kagua mikanda yake yote, mmoja baada ya mwingine, kwa mkono mtupu bila glovu. Kindi wa kule hutafuna nailoni, na huanzia upande wa nyuma wa mti ambako huoni.